Kipimo cha Mtu Mmoja

Msomaji mwenzangu, tofauti ya nguo ya mtumba na nguo ya kushonesha unaijua. Mtumba ulikatwa kwa mwili wa mtu usiyemjua. Ukikutosha unavaa, usipokutosha unakunja mikono au unampa mdogo wako. Nguo ya kushonesha, futi imezunguka kifua chako wewe. Sasa wapo wataalamu wanaojaribu kushona dawa namna hiyo hiyo. Wanamshonea mgonjwa mmoja, kwa seli za damu yake mwenyewe, dawa ambayo mwingine akipewa haimfai.

Rafiki yangu mmoja, mshairi, ambaye huwa tunasomeana kazi zetu kabla hazijapelekwa popote, anasema hiyo ni dhuluma iliyovaa koti jeupe. "Watoto wanakufa kwa kukosa vidonge vya bei ya soda," anasema, "halafu wewe unaniletea habari za mtu mmoja kupikiwa chungu chake peke yake?" Hoja yake ina nguvu, na mtu aliyekulia nchi hii hawezi kuitupa hivi hivi. Hata hivyo nimeikataa.

Ugonjwa tunaobishania unaitwa maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS. Mishipa ya fahamu ina ganda linaloifunika kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Kwa mgonjwa wa MS, kinga ya mwili, ile ile inayotakiwa kupigana na maradhi, inageuka na kulitafuna ganda hilo kwenye ubongo na uti wa mgongo. Waya ukibaki wazi, habari hazifiki. Leo jicho linaingia ukungu, mwakani mguu unakufa ganzi, halafu mambo yanatulia kwa miezi mpaka mtu anadhani amepona, kumbe. Duniani wapo wagonjwa karibu milioni 2.9, wengi wao katika nchi za baridi za kaskazini. Huku kwetu karibu na ikweta ni nadra, na kuwa nadra ni adhabu ya pili, maana ugonjwa usiojulikana hutafutiwa mchawi.

Mama yangu mdogo anao. Yuko Matamba, wilaya ya Makete, na kabla ya kumfikia daktari aliyeutaja kwa jina lake alishapita kwa watu wengi wasio madaktari, na jirani mmoja alishaacha kusalimiwa. Namtaja hapa kwa ruhusa yake. Mshairi wangu anapohesabu "wengi" na "mmoja", mimi huyo mmoja nazijua hata nyimbo anazoimba akipika.

Kule Brisbane, Australia, timu ya Profesa Michael Pender na wenzake wa taasisi ya QIMR Berghofer ilichukua damu ya mgonjwa, ikatenga seli za kinga, ikazifundisha maabara kukitambua kirusi kimoja, ikazizidisha, kisha ikamrudishia mwenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: kati ya wagonjwa 10 waliotibiwa, 7 walipata nafuu. Ni watu wachache mno, wala hapakuwa na kundi la kuwalinganisha nalo. Kampuni ya Atara ya Marekani ilijaribu njia jirani, kwa seli za watu waliojitolea badala ya za mgonjwa mwenyewe. Mwishoni mwa 2023 ikatangaza kwamba haikuishinda dawa bandia. Kwa hiyo tusidanganyane, nguo hii bado iko kwenye cherehani.

Ila kirusi wanachokiwinda ndicho kilichonitenga na rafiki yangu. Kinaitwa Epstein-Barr. Januari 2022 watafiti wa Harvard walitoa matokeo ya kuchunguza damu iliyohifadhiwa ya wanajeshi wa Marekani, zaidi ya milioni 10 kwa muda wa miaka 20. Kati yao 955 walipatikana na MS wakiwa jeshini, na hatari ya kuugua iliongezeka mara 32 baada ya mtu kuambukizwa kirusi hicho. Karibu watu wazima wote duniani tunacho, wewe na mimi, na wengi wetu hatutaugua kamwe. Lakini bila kukipata, MS karibu haiji.

Na kilipatikana wapi? Hapo jirani tu, Kampala.

Mwaka 1957 daktari mpasuaji wa Mulago, Denis Burkitt, mtu wa Ireland, aliitwa wodini kumtazama mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Baadaye akamwona mwingine, na mwingine. Mwaka 1958 akauandika ugonjwa huo, na 1961 akaenda kuueleza London. Kati ya waliomsikiliza alikuwepo Anthony Epstein, mtaalamu wa virusi. Basi vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi maabara yake, na kwa muda mrefu havikuonyesha kitu. Desemba 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu wa London, ikatua Manchester. Chupa ilipofika ilikuwa imechelewa na maji yake yamechafuka kama yaliyooza. Ndani mlikuwa na sampuli ya msichana wa miaka 9. Wangeweza kuimwaga. Waliitazama kwanza, wakakuta seli zinaelea, hai. Zikaota. Ndani ya seli hizo hadubini ya elektroni ikaonyesha kirusi kisichofahamika, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong aliyezaliwa Trinidad, na Yvonne Barr wakalitangaza hilo katika jarida la Lancet.

Seli zile zilipewa jina la EB1. E ya Epstein, B ya Barr. Kirusi nacho kikarithi herufi hizo hizo.

Mimi ninayetaka kuandika riwaya nilipofika hapo sikuweza kuendelea kusoma siku hiyo. Seli za msichana, majina ya wenye maabara. Sisemi walikuwa watu wabaya. Ndivyo desturi ilivyokuwa. Huko Marekani seli za Henrietta Lacks zilichukuliwa 1951 bila yeye kuulizwa, na familia yake imekuja kuelewana na kampuni moja mwaka 2023. Niliwahi kufikiria kumbunia yule msichana wa Mulago jina na kijiji, nimweke mama yake kwenye benchi la wodi akiwa na kanga mbili. Nimeiacha kazi hiyo. Jina la kubuni lingenituliza mimi, yeye lisingemfaa kitu.

Kuna jambo jingine katika habari hii linalotugusa watu wa milimani. Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili walinunua gari kuukuu la Ford wakasafiri kilomita kama 16,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakipita Tanganyika, wakiingia hospitali baada ya hospitali na kuuliza: picha hii mmewahi kuiona? Ramani waliyorudi nayo ilikuwa na mapengo, na mapengo yalikuwa nchi za juu. Karibu na ikweta, ukipita mita 1,500 hivi ugonjwa unapotea, na kadiri unavyokwenda kusini mpaka huo unashuka. Aliyepanda kutoka Chimala kwenda Matamba kwa barabara ya kona 57 haitaji kuchorewa. Chini ni Usangu, mpunga na mbu. Juu ni viazi, ngano na baridi ya Kitulo inayokulazimisha kuvaa sweta Desemba. Ndani ya kona hizo unatoka upande wa yule msichana unaingia upande mwingine.

Sababu ni malaria. Mtoto wa Afrika hukipata kirusi mapema, mara nyingi kabla ya kutimiza miaka mitatu. Malaria ya kila mara ikiichosha kinga yake, kirusi kinapata nafasi ya kusaidia kuanzisha saratani. Kaskazini wengi hukipata wakiwa vijana wakubwa, wakalala na homa ya tezi, na hao ndio ambao hatari ya MS kwao huongezeka. Kirusi kile kile.

Sasa nimrudie mshairi. Yeye anaweka mizani: mmoja upande huu, wengi upande ule, na mizani inalala kwa wengi. Lakini mgonjwa wa Brisbane hakukaa kwenye mizani peke yake. Seli zake zilifundishwa kukiwinda kirusi kilichojulikana kwa sababu uvimbe wa mtoto wa Kampala ulikatwa ukatiwa chupani. Nyuma yake kuna wanajeshi milioni 10 waliotolewa damu, na kuna mamia ya wodi alizopita Burkitt au alizoziandikia barua. Hiyo nguo ya mtu mmoja, kitambaa chake kimefumwa na umati.

Tena kushonewa si anasa kama anavyodhani. Mkoa wetu wa Njombe unaongoza nchini kwa maambukizi ya VVU; uchunguzi wa kitaifa wa 2022-23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima. Kwa miaka mingi waliokuwa kwenye dawa walimeza efavirenzi, na wengine wakalalamika kizunguzungu na ndoto za kutisha, wakaambiwa watazoea. Mwaka 2013 watafiti wa Tanzania na Ethiopia wakishirikiana na wa Uswidi walichapisha kwamba Watanzania wengi wana aina ya jeni inayoufanya mwili uchelewe kuiondoa dawa ile, kwa hiyo inajaa kwenye damu. Dozi ilikuwa moja kwa wote. Tangu 2019 tumehamia dolutegraviri, lakini zile ndoto watu walishaziota. Huo ndio mtumba, na walioumizwa nao walikuwa wengi, si mmoja.

Kuna kitu kingine kinachonikera katika hesabu ya rafiki yangu. Mbona kila tukitafuta wa kujinyima tunamwangalia mgonjwa? Bei ya orodha ya dawa nyingi za MS huko Marekani inapita dola 80,000 kwa mwaka. Anayezipanga bei hizo hatumwombi ajinyime hata kidogo. Tunamwomba anayeshika ukuta akienda msalani.

Nilipomsimulia mama mdogo habari yote hii, ndege, ukungu, chupa, herufi mbili, alisikiliza mpaka mwisho ndipo akauliza: "Na huyo binti, alipona?"

Mshairi hakuuliza hivyo. Hata simulizi za maabara hazijibu, huishia kwenye seli. Na mimi naona swali lenyewe ni hilo. Dawa ya ugonjwa wa yule msichana haikuhitaji kusubiri miaka sitini. Burkitt mwenyewe alikuwa akiwapa watoto wa Mulago saiklofosfamaidi miaka ile ile ya mwanzo wa sitini, na baadhi yao uvimbe uliyeyuka ndani ya siku chache baada ya dozi moja au mbili. Mwaka 1967 wakafungua pale kituo cha kuutibu, ndicho kilichozaa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Leo mtoto wa nchi tajiri akipata uvimbe wa Burkitt, zaidi ya 9 kati ya 10 wanapona. Katika hospitali nyingi za Afrika ni nusu, au pungufu. Wanafika wamechelewa, kwanza waling'olewa meno. Majibu ya kinyama kilichokatwa yanakawia. Nauli inaisha, mzazi anamchukua mwanawe anarudi naye nyumbani dozi hazijakamilika. Hapo hakuna fumbo la kisayansi.

Wapo wanaohangaika nalo. Muhimbili, na Hospitali ya Lacor huko Gulu, pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford, wana utafiti unaoitwa AI-REAL, wa kutafuta alama za saratani hii na za kirusi chake ndani ya damu ya mtoto, ili majibu yapatikane mapema bila kusubiri kisu. Ukiangalia vizuri, huko nako ni kupima kwa futi, mtoto mmoja mmoja.

Kwa hiyo sisemi mashine za Brisbane zizimwe. Ninachosema ni kwamba anayeshona kwa kitambaa cha mtu ana deni kwa mwenye kitambaa, na deni hilo halilipwi kwa sanamu wala kwa jina kwenye ukuta wa wodi. Linalipwa kwa dozi zilizokamilika, pamoja na nauli.

Rafiki yangu hakuridhika, akanibana. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwa mara ya kwanza dawa za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu, na mojawapo ni rituksimabu. Dawa hiyo hiyo imeonekana kuongeza idadi ya watoto wanaopona uvimbe wa Burkitt uliokomaa. "Haya," akasema, "chupa ni moja, mtoto wa Usangu huyu, mama yako mdogo huyu. Nani?"

Mtoto, nikamjibu. Hata kama yuko peke yake, ni mtoto. Wenzake ndio waliotangulia kutoa.

Jibu hilo nililipeleka Matamba mwenyewe, sikutaka alisikie kwa mtu. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anamenya viazi, kisu mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia siku hizi haushiki vizuri. Alifikiri kidogo. "Sawa, mwanangu," akasema, "niwekeni nyuma ya mtoto. Ila msiniweke nyuma ya watu wote."