Sauti ya Karibu na Sauti ya Mbali

Wahenga wetu walituachia misemo miwili ambayo ikikutanishwa hugombana. Mmoja husema kwamba ya kale ni dhahabu. Wa pili husema kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kijana aliyelelewa kwa misemo yote miwili ana haki ya kuuliza: je, ni wema au ni udhaifu mtu kuona hamu ya jambo lililopita? Swali hili si dogo, maana mtu huishi kwa jinsi anavyokumbuka, na akikumbuka vibaya aghalabu hutenda vibaya. Nataka tulipime pamoja, msomaji, kwa mfano ulio karibu nasi, nao ni hamu ya stesheni ndogo za redio na televisheni, zile zilizotangaza kwa mitambo ya nguvu kidogo na kupokewa katika mji mmoja na vijiji vyake.

Kwanza tufahamu kitu chenyewe. Mawimbi yanayobeba sauti na picha hudhoofika kadiri yanavyosafiri. Umbali ukizidi mara mbili, nguvu yake hubaki robo. Aidha, mawimbi ya televisheni na ya redio za FM hufuata njia iliyonyoka, kama jicho linavyotazama, nayo huzuiwa na vilima. Kwa hiyo mtambo mdogo uliosimamishwa karibu na mji wa Kitale waweza kuhudumia mashamba ya Trans Nzoia, lakini upande wa magharibi utakutana na Mlima Elgon, wenye kimo cha mita 4,321, na upande wa mashariki utakutana na vilima vya Cherangani. Uliosimamishwa Bungoma waweza kufika Kanduyi na Chwele, kisha sauti yake ikafifia. Mwenye stesheni ya namna hiyo hakuchagua wasikilizaji wake, milima ilimchagulia. Alitangazia majirani kwa sababu hakuwa na wengine wa kuwatangazia.

Kufungwa huko ndiko kulikokuwa utajiri wake. Tazama jambo moja. Kila mwaka wa shufwa, mwezi wa Agosti ufikapo, Wabukusu wa Bungoma hutahiri vijana wao. Mvulana huzunguka kwa jamaa zake akipiga njuga na kuwaalika, na nchi nzima huwa macho. Kwa stesheni iliyoko Nairobi jambo hili ni habari ya dakika mbili, na huenda likaelezwa kama ajabu. Kwa stesheni iliyoko Bungoma ni habari ya mtoto wa fulani, wa kijiji fulani, atakayesimama alfajiri fulani. Ndivyo ilivyo pia kwa bei ya gunia la mahindi Kitale, kwa mbolea iliyofika ghalani, kwa mtoto aliyepotea sokoni na kwa msiba uliotokea ng'ambo ya mto. Sauti ya mbali huyataja mambo. Sauti ya karibu huwataja watu.

Lakini hamu ina tabia ya kupamba, na yafaa tuivue mapambo tuione ilivyo. Utangazaji wa redio ulianza Kenya mwaka 1928, tena kwa ajili ya walowezi waliotaka kusikia habari za kwao. Televisheni ilianza mwaka 1962, nayo ilizaliwa ndogo: mtambo wake wa kwanza uliwekwa katika nyumba ya shambani huko Limuru, na nguvu yake ilifika maili 15 tu, yaani kilomita 24 hivi. Tangu mwaka 1964 utangazaji ulikuwa mikononi mwa serikali kwa jina la Sauti ya Kenya. Televisheni ya kwanza isiyokuwa ya serikali, KTN, ilianza mwaka 1990, nayo ilikuwa ya Nairobi. Maana yake ni kwamba mtoto wa Kitale wa mwaka 1975 hakuwa na stesheni ndogo huru ya kuitamani. Stesheni kama West FM ya Bungoma au Sayare ya Eldoret zilizaliwa baada ya mlango wa leseni kufunguliwa. Zama tunazoziita za kale zilikuwa fupi kuliko umri wa mzazi wako.

Tena stesheni ndogo hazikuwa na uzuri mwingi wa nje. Mwenye mtaji mdogo hununua vyombo vilivyotumika, umeme ukikatika hunyamaza, na aliye na fedha za tangazo husikika kuliko aliye na jambo la maana. Basi asemaye kwamba zamani kila kitu kilikuwa bora hakumbuki, anaota. Hamu ya namna hiyo ni udhaifu, kwa sababu humfanya mtu aidharau siku aliyopewa kwa ajili ya siku isiyokuwako.

Hata hivyo, haitoshi kumwambia mwenye hamu kwamba anaota. Mtu akililia nyumba iliyobomolewa, waweza kumthibitishia kwamba paa lake lilivuja, lakini bado hujamweleza kwa nini analia. Hapana budi tuulize ni kitu gani hasa kilichopotea.

Mwaka 2015 Kenya ilihama kutoka utangazaji wa analojia kwenda wa dijitali, maana mataifa yalikuwa yamekubaliana huko Geneva mwaka 2006 kwamba tarehe 17 Juni 2015 iwe mwisho wa muhula. Uhamaji huo ulikuwa na mabishano makali. Mwezi wa Februari stesheni kubwa za NTV, KTN na Citizen zilikuwa kimya kwa karibu wiki tatu. Faida zake hazikanushiki: picha ikawa safi, na masafa yaliyokuwa yakibeba stesheni moja yakaweza kubeba nyingi kwa pamoja. Lakini kazi iligawanywa mafungu mawili. Kutengeneza vipindi kukawa fungu moja, na kuvirusha hewani kukawa fungu la pili, lenye leseni yake. Aliyekuwa na mnara wake juu ya kilima chake sasa alihitaji nafasi katika mtambo wa mwingine, na kulipa kodi. Kwa kampuni kubwa kodi ni hesabu ya kawaida. Kwa stesheni ya mji mmoja, ambayo matangazo yake ni ya duka la vifaa vya shamba na la mwuza magodoro, kodi yaweza kuwa ndiyo uhai wenyewe. Aliyekuwa mwenye nyumba alikuwa mpangaji.

Jambo hili si letu peke yetu. Marekani iliweka daraja maalumu la televisheni za nguvu kidogo mwaka 1982, ili miji midogo na jamii zilizosahauliwa zipate sauti. Mwezi wa Julai 2021 mitambo ya analojia ya stesheni hizo ilifikia mwisho wake, isipokuwa michache iliyoongezewa muda huko Alaska. Huko nako wako watu wanaozikumbuka kwa huzuni, na hawakumbuki ubora wa picha.

Mwaka uo huo wa 1982 jambo kubwa lilitendeka katika nchi yetu. Ukitoka Bungoma ukashuka kusini, ukapita Kakamega na Kisumu, kisha ukazunguka ghuba ya ziwa, wafika Homa Bay. Hapo ilianzishwa, kwa msaada wa UNESCO, stesheni ndogo ya redio ya jamii, ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya namna yake katika Afrika. Mitambo yake ilikuwa ya bei nafuu, na ilitangaza kwa lugha ya wenyeji wa mahali hapo. Mwaka 1984 serikali iliifunga. Fikiri, msomaji: mtu aliyetaka kuipinga stesheni ile angeweza kuifikia kwa miguu. Angegonga mlango na kusema, "Jana mmesema uongo juu ya bei ya samaki." Lakini amri iliyoifunga ilitoka mbali, na mvuvi wa Homa Bay hakuwa na mlango wa kuugonga.

Naona hapo ndipo jibu letu lilipo. Kinacholiliwa ni uwezo wa kujibu. Msemaji wa sauti ya karibu alinunua sukuma wiki katika soko lile lile la wasikilizaji wake. Akimkosea mtu asubuhi, walikutana naye jioni. Haya na heshima zilikuwa walinzi wake, na walinzi hao hawakuhitaji mshahara. Msemaji wa mbali aweza kuwa mwema na hodari, lakini kati yake na yule amsemaye pana njia ndefu, na neno la mnyonge huchoka kabla halijafika.

Hapa mwenye akili kali atanizuia, na ana haki. Ataniuliza: je, ukaribu haukuua? Nchini Rwanda, mwezi wa Julai 1993, redio iliyoitwa RTLM ilianza kutangaza kutoka Kigali. Haikuwa redio ya serikali, na ilijua sana kuzungumza kama rafiki, kwa mizaha na muziki. Yalipoanza mauaji ya kimbari mwezi wa Aprili 1994, ukaribu huo ulikuwa silaha. Redio ile iliwataja watu kwa majina na mahali walipo, nao wakauawa. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mmoja wa waanzilishi wake, Ferdinand Nahimana, mwaka 2003. Na rufani ya mwaka 2007, ingawa ilipunguza adhabu yake, iliacha palepale hatia yake ya kuchochea mauaji.

Pingamizi hili ni zito wala silipuuzi. Linatufundisha kwamba ukaribu peke yake si wema. Anayekujua jina na kijiji aweza kukuletea ng'ombe wako aliyepotea, na aweza vile vile kumwonyesha adui mlango wako. Kikulacho ki nguoni mwako. Asiyetaka kulisikia jambo hili na aache kuzisifu stesheni ndogo, maana anasifu kisu bila kuuliza kimeshikwa na nani.

Lakini tuchunguze mbele kidogo. Wale waliotajwa na redio ile walikuwa na nafasi gani ya kusema? Hawakuwa nayo kabisa. Walikuwa karibu na sauti ile kama swala alivyo karibu na mtego. Redio iliyowaua Rwanda na amri iliyoifunga Homa Bay hazilingani hata kidogo kwa uzito wa uovu. Ya kwanza ni jinai kuu, ya pili ni ukaidi wa utawala. Hata hivyo zote mbili zilisema bila kukubali kujibiwa. Basi kipimo si ukubwa wa mtambo wala urefu wa mnara. Kipimo ni swali hili: je, yule anayesemwa aweza kujibu, na jibu lake likasikika mahali pale pale aliposemwa?

Kwa kipimo hiki twaweza sasa kuipatanisha misemo ya wahenga. Dhahabu haichimbwi ikiwa safi. Hutoka imechanganyika na mchanga, na mwenye busara huuosha mchanga. Mtu akitamani zamani nzima, amebeba mchanga pamoja na dhahabu, naye atachoka njiani. Akitupa vyote kwa kusema yaliyopita si ndwele, amejinyima mali halali. Hamu iliyo njema ni ile inayomwambia mtu ni kitu gani cha zamani kilichokuwa haki, ili akidai katika siku yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 34, inalinda uhuru wa vyombo vya habari. Na huko Makueni redio ya Mang'elete, iliyoanza kutangaza mwaka 2004, ilijengwa na vikundi vya kina mama wa vijijini. Hao hawakukaa kusikitikia Homa Bay. Walitwaa lililokuwa jema ndani yake, wakaliweka hewani tena.

Nawe, msomaji, usidhani kwamba mambo haya yawahusu wenye minara pekee. Simu aliyonayo mzazi wako, au utakayokuwa nayo wewe ukimaliza shule, ni stesheni ya nguvu kidogo. Kundi la darasa lako, la ukoo wenu au la mtaa wenu huko Kitale au Bungoma lina wasikilizaji thelathini, mia moja, mia mbili, na wote wanajuana majina. Hakuna leseni iliyohitajika, wala hakuna mlima unaolizuia neno lako lisivuke Elgon na kufika Mbale au London. Umepewa ukaribu wa stesheni ndogo pamoja na umbali wa stesheni kubwa, na hatari za zote mbili.

Kwa hiyo, kabla hujatuma habari ya mwenzako, jiulize kama ungeweza kuisema akiwa amesimama mbele yako sokoni Chwele. Ukiona kwamba ungeinamisha uso, usiitume. Ukiona kwamba ungeweza kumtazama, itume, kisha ubaki hapo umsikilize. Wengi hujua kusema wakatoweka. Wachache hukaa kungoja jibu. Mwanafunzi akianza leo kuwa mmoja wa wachache hao, hatakuwa na sababu ya kuililia sauti ya karibu, maana jirani zake wataisikia kwake.