Jino Moja la Tarehe

Mjukuu wa kisa hiki hana jina. Mpe lolote la Kuze au Kibokoni. Kazaliwa Maskat, kaja Mombasa kutembea, na mamake kamwagiza jambo moja: alitafute kaburi la babu mkuu, aliyefariki, kwa masimulizi ya nyumbani, mwaka mmoja au miwili kabla ya Wazungu kuanza reli. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Hesabu ikawa nyepesi: atafute 1312 au 1313 ya Hijria.

Wamazrui hawana taabu hii. Makaburi yao yako karibu na Ngome ya Yesu, na Profesa Ali Mazrui alipofariki Marekani Oktoba 2014, aliletwa kuzikwa hapo, kwa watu wake. Ukoo wenye maziara yake hukumbushana nani yuko wapi kila unapozika. Mwenye kazi ni yule ambaye wazee wake walilazwa katika maziara ya mtaa, yaliyobanwa na nyumba kila upande, ambako wengi hawakuandikiwa neno. Waliwekewa mashahidi mawili tu, kichwani na miguuni. Wala si uzembe. Wapo waliousia wasiandikwe.

Akapelekwa kwa mzee wa mtaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Babuyo ni pale, chini ya mkilifi."

Kaburi lilikuwa la matumbawe na chokaa, na kichwani pana maandishi ya Kiarabu yaliyoliwa na chumvi. Jina halikusomeka. Tarehe ilisomeka kwa shida: moja, kisha tarakimu yenye meno, kisha moja, kisha mbili. Sasa, katika tarakimu za Kiarabu tatu ni ile ile mbili iliyozidishwa jino. Chokaa ikimeguka kidogo, tatu hugeuka mbili. Ufa ukipita pabaya, mbili hugeuka tatu. Yeye aliona tatu. 1312, yaani Julai 1894 hadi Juni 1895: kitu alichokuwa akikitafuta hasa. Na mtu akishajua anachotaka kusoma, jiwe halina la kumbishia.

Kuanzia hapo mambo yakaenda mbio. Kaburi likasuguliwa kwa brashi ya waya, likamwagiwa asidi ya kusafishia vigae, na asidi huila chokaa kama inavyokula uchafu. Fundi akaja na saruji, vigae vyeupe na kibao cha marumaru chenye jina la babu. Kwa macho lilipendeza. Lakini chokaa hupitisha unyevu na saruji huuzuia. Chumvi ya bahari hubaki imefungiwa ndani, ikiitafuna plasta ya zamani pole pole pasipo mtu kuona.

Picha zikafika Maskat, zikasambazwa kwa simu, zikarudi Mombasa hadi kwa bibi mmoja wa nyumba ya pili. Bibi akafungua sanduku akatoa picha yake, nyeusi na nyeupe, ya kaburi lile lile likiwa zima. Tarehe iko wazi: 1212, ambayo ni 1797 au 1798, Mombasa ikiwa bado chini ya Wamazrui. Na kabla ya jina la baba pameandikwa "binti". Babu mkuu alikuwa amewekwa juu ya kaburi la mwanamke aliyemtangulia kwa karibu miaka mia.

Mzee akaendewa kwa hasira. "Mliniuliza liko wapi," akasema. "Hamkuniuliza nimejuaje." Alichokijua ni kwamba watu wa nyumba ile walizikwa upande wa mkilifi, kaburi lenyewe alilikisia. Mimi simlaumu sana. Mzee mmoja ni mwanzo wa kuuliza, na wa pili huulizwa peke yake, asiposikia jibu la wa kwanza.

Vigae vilipobanduliwa, plasta ilitoka navyo, maandishi na yote. Pangetosha brashi laini na kurunzi iliyolazwa kando ya jiwe, maana mwanga wa ubavuni huinua kila mchoro kwa kivuli chake. Kisha picha yenye rula ndani yake, na maandishi kunakiliwa herufi kwa herufi, pasiposomeka pakaachwa wazi. Na kabla ya kugusa chochote katika Mji wa Kale, kuna watu wa Makumbusho pale Ngomeni wa kuulizwa. Sheria ya turathi ya 2006 haijali nia njema ya mjukuu.

Bibi alikataa picha yake isitoke nyumbani. Ikanakiliwa palepale sebuleni, nakala moja ya kamati ya msikiti, moja ya Maskat. Babu mkuu hajapatikana. Hati ya wakfu ya nyumba yao inataja maziara mengine kabisa, na mjukuu ameshaonyeshwa huko kaburi na wazee wawili, kila mmoja lake. Fundi wa vigae hajaitwa.