Mhitimu: Utafika wapi, au utatembeaje?

MWAKA jana nilialikwa katika dua ya kumpongeza kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyehitimu Chuo Kikuu. Baada ya pilau, zikafunguliwa zawadi. Kulikuwa na kanzu, saa, bahasha za fedha, na kifurushi kutoka kwa mjomba wake anayeishi Marekani. Ndani ya kifurushi kikakutwa kitabu cha watoto, chenye picha kubwa za rangi na maneno machache. Watu wakacheka. Mzee mmoja akauliza: "Mtu ana digrii, analetewa kitabu cha chekechea?"

Kwa Wamarekani hilo si jambo la kuchekesha. Kitabu hicho, Oh, the Places You'll Go!, kiliandikwa na Theodor Seuss Geisel, maarufu kwa jina la Dr. Seuss, na kilitoka mwaka 1990, mwaka mmoja kabla hajafariki. Ni kitabu cha watoto, lakini kila msimu wa mahafali hununuliwa kwa wingi na kupewa wanaomaliza shule na vyuo.

Kisa chake ni kifupi. Mtoto aliyevaa nguo za njano anaanza safari. Anaambiwa kuwa ana akili na ana miguu, hivyo yeye mwenyewe ndiye mwenye kuamua njia. Anapaa kwa puto, puto linanasa mtini. Anaanguka, anakuwa peke yake, anafika mahali ambapo watu hawana kazi isipokuwa kungoja. Kisha anatoka hapo, na mwisho anaahidiwa kuhamisha milima.

Huenda ndugu msomaji ukauliza mwalimu wa dini anatafuta nini humo. Tumefundishwa kuwa hekima ni mali iliyompotea Muumini, popote aionapo ana haki nayo. Wala simtakasi mwandishi. Mwaka 2021 taasisi inayosimamia kazi zake ilisitisha kuchapisha vitabu vyake sita kwa sababu ya picha zinazowadhalilisha watu weusi na Waasia. Hiki hakikuwamo. Tunachukua nafaka, tunaacha makapi.

Miezi minane baada ya dua ile, kijana alinifuata msikitini baada ya Isha. Alikuwa na bahasha yake ya kaki, imechakaa pembeni. Akasema: "Ustadh, kile kitabu kimenidanganya. Akili ninayo, miguu ninayo, na soli ya kiatu imekwisha. Mbona sijafika popote?" Akaongeza kuwa siku hizi huswali msikiti wa mbali, kwa sababu hapa kila anayempa mkono anamuuliza: "Vipi, umeshapata?" Mama yake alimsomesha kwa maandazi ya alfajiri, na bado anakaanga.

Swali lake si dogo. Je, ni haki kumwambia kijana kwamba hatima yake iko mikononi mwake? Tukisema ndiyo, basi asiyefika ni mkosaji. Kijana anabeba umasikini, na juu yake anabebeshwa lawama. Tukisema hapana, tunamfungulia mlango yule anayeshinda barazani akisema riziki anapanga Allah (sw), hali ya kuwa hajatoka hata kuitafuta. Mtume (saw) alishalijibu hili alipomwelekeza yule mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Kufunga kamba ni wajibu wetu. Ngamia kuwepo asubuhi si katika uwezo wetu.

Na tukikisoma vizuri kitabu kile, hata mwandishi wake hakuthubutu kuahidi mia kwa mia. Kwa mzaha anamhakikishia mtoto mafanikio kwa asilimia tisini na nane na robo tatu. Inabaki moja na robo. Sisi tunaijua jina lake: inshaallah. Tofauti ni kwamba kwetu inshaallah haikai katika kile kilichobaki. Inatangulia hesabu yote (Qur'an 18:23-24).

Sasa tumtazame mzee mwingine aliyemuusia mtoto. Luqman anamwita mwanawe kwa neno la mahaba, kama mtu anayezungumza na mtoto mdogo (31:13-19). Anamuusia asimshirikishe Allah, asimamishe swala, aamrishe mema, avumilie yatakayompata. Kisha anagusia miguu: asitembee kwa maringo, awe wa kati na kati katika mwendo wake. Hakuna mahali anapomwambia atafika wapi. Anamwambia atembee vipi. Hapo ndipo ilipo tofauti. Anayepimwa kwa alipofika anaweza kuaibika kwa jambo asilolitenda. Anayepimwa kwa mwendo ana la kujivunia hata akiwa bado njiani.

Vilevile sikubaliani na kitabu kuhusu mahali pa kungoja. Wao wanapaona ni mahali pa hasara, pa kukimbiwa haraka. Nabii Yusuf (as) alikaa gerezani miaka kadhaa. Alimuomba mwenzake aliyetoka amtaje kwa bwana wake, na mwenzake akasahau (12:42). Hata yeye alipeleka ombi lake, nalo halikufika! Lakini humo gerezani alifundisha tauhidi na aliwafasiria wenzake ndoto. Elimu aliyoitumia bure gerezani ndiyo iliyokuja kumtoa.

Nabii Musa (as) naye alifika Madyan akiwa mkimbizi asiye na kitu. Kabla hajapata pa kulala, aliwanyweshea mifugo wanawake wawili waliokuwa wamesimama kando, kisha akakaa kivulini akamuomba Mola wake (28:23-24).

Mara nyingi khutba zetu huishia hapo, tukamwambia kijana: subiri. Lakini aya zinaendelea. Binti mmoja alimwambia baba yake amwajiri, kwa kuwa ana nguvu na ni mwaminifu. Mzee yule akampa kazi kwa mkataba wa miaka minane, na kumi akipenda (28:26-27). Hakumuuliza Musa, "Umeshapata?" Alimpa. Subira ya Musa ilikutana na mlango uliofunguliwa na mtu.

Basi hapa suala linaturudia sisi tuliokula ile pilau. Katika safu za msikiti wetu wamo wenye maduka, mafundi, wahasibu, wakubwa wa ofisi. Kijana anatoa salamu kulia na kushoto, na pande zote mbili kuna mtu anayeweza kumsomea barua yake, kumwonyesha kazi, au kumtaja kwa mwenye nafasi. Tukimhubiria subira huku mlango tumeufunga, hiyo subira tunaitumia kujificha.

Nilimwambia kijana: "Mdogo wangu, kitabu hakikukudanganya sana. Kimekosea swali tu." Siku hizi hufundisha hisabati watoto wa madrasa yetu jioni. Wazazi wanachangia kidogo. Bado anazunguka na bahasha, na jibu hajapata. Ila Isha anaswali hapa hapa.

Wiki hii, ukimwona mhitimu katika safu yako, usimuulize kama ameshapata. Muulize anaweza kufanya nini, kisha ufikirie nani unayemjua.

Wabillahi tawfiq.