Kumtetea Mtu Ambaye Mji Umekwisha Kumhukumu

Swali la iwapo inafaa kumtetea mahakamani mtu ambaye pengine ametenda kweli kosa analoshtakiwa huonekana jepesi katika jiji kubwa, ambako wakili, mshtakiwa na mlalamikaji hawajuani na hawatakutana tena baada ya hukumu kusomwa. Katika mji mdogo wa pwani au kisiwa chenye soko moja, swali hilo hubadilika sura, kwa kuwa mama wa aliyedhuriwa na mama wa mshtakiwa huswali katika safu moja, mpelelezi ni shemeji wa shahidi, na wakili anayeipokea kesi ataulizwa na watu wa nyumbani kwake mwenyewe kwa nini amekula fedha za mtu yule. Huko hukumu hutangulia kesi: hutolewa barazani, msibani na kisimani, na mahakama hutazamiwa iigonge muhuri tu.

Wanaoiona kazi hiyo kuwa haramu hushika aya ya 105 ya Surat an-Nisaa, ambamo Mtume Muhammad (s.a.w.) anakatazwa kuwa mtetezi wa wahaini, pamoja na aya zinazofuata, ambazo zinauliza ni nani atakayewasemea watu hao Siku ya Kiyama hata kama wamesemewa duniani. Aya hizo ni nzito, na wakili Mwislamu ambaye hajawahi kuzitafakari bado hajaijua kazi yake. Hata hivyo hazikubatilisha uwakili wenyewe. Wanazuoni wa fikihi, yaani elimu ya hukumu za sheria ya Kiislamu, waliikubali wakala, ambayo ni mtu kumkabidhi mwingine jambo lake alitende kwa niaba yake, na wakaitaja wakala ya khusuma, maana yake kumtuma mwingine akashindane kwa hoja mbele ya kadhi. Imepokewa kwamba Ali bin Abi Talib, ambaye hakupenda kuhudhuria mashauri, alimweka nduguye Aqil amsemee, na Aqil alipozeeka akamweka Abdullah bin Jaafar. Abu Hanifa alishurutisha ridhaa ya mpinzani, isipokuwa mwenye shauri awe mgonjwa au yuko safari ya mbali, ilhali madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani ya Afrika Mashariki, hayakuliweka sharti hilo. Mifano yao mingi, lakini, ni ya madai ya mali. Kuhusu jinai mtu hufunzwa zaidi na kisa ambacho kwacho aya yenyewe iliteremka.

Kwa mapokezi ya Tirmidhi, nyumba ya Rifaa bin Zayd mjini Madina ilivunjwa usiku, zikaibwa silaha na unga aliokuwa ameuweka chumba cha juu. Majirani walipoulizwa, shuku ikaelekea kwa ukoo wa Bani Ubayriq, nao wakamtaja Labid bin Sahl, mtu aliyejulikana kwa wema. Qatada, mtoto wa ndugu yake Rifaa, akalipeleka shauri kwa Mtume. Jamaa za watuhumiwa nao wakakusanyika, wakaenda kulalamika kwamba nyumba yenye Uislamu na wema inasingiziwa wizi bila ushahidi, na Qatada akakaripiwa kwa kuwatuhumu watu bila hoja. Ndipo wahyi uliposhuka na kumfichua mwizi. Katika mapokezi mengine, aliyetupiwa kosa hakuwa Labid bali Zayd bin al-Samin, Myahudi ambaye deraya iliyoibwa ilikutwa kwake.

Tofauti ya mapokezi haya mawili inastahili kuangaliwa kuliko ilivyozoeleka. Labid aliposikia anatajwa alichomoa upanga, akaapa kwamba ama wathibitishe wizi huo au upanga uamue, na wale waliomtaja wakamwambia haraka kwamba si yeye wanayemkusudia. Zayd hakuwa na upanga wa kuchomoa wala ukoo wa kumsimamia, na wenye sauti mjini walikuwa upande wa pili. Kwa maneno mengine, uhaini unaokemewa katika aya si wa mtu baki aliyekodiwa apime ushahidi, bali ni wa jamaa waliosimama kumsafisha wa kwao kwa sifa ya nyumba yao, wakijua kwamba kosa hilo litamwangukia asiyehusika. Aliyekosa mtetezi katika kisa hicho ni yule asiye na hatia, na utetezi wake ulitoka mbinguni kwa sababu ardhini haukupatikana. Anayeitumia aya hii kumnyima mshtakiwa msemaji katika mji uliokwisha kumgeukia anaisoma kinyumenyume.

Hii haimaanishi kwamba wakili ameachiwa mlango wazi. Katika hadithi iliyopokewa na Umm Salama, Mtume alitahadharisha kwamba mmoja wa washindani aweza kuwa fasaha kuliko mwenzake, akapewa haki ya nduguye kwa ufasaha huo, naye akawa amekatiwa kipande cha moto. Mpaka, basi, upo: wakili aliyeungamiwa na mteja wake hawezi kuleta shahidi wa uongo, wala kumsukumia kosa mtu anayemjua kuwa hana hatia, lakini anaweza kuutaka upande wa mashtaka uthibitishe kila unachodai, na kuitunza siri aliyopewa. Mtume mwenyewe, mtu aitwaye Maiz alipomjia akikiri zinaa, alimgeuzia uso mara kadhaa na kumuuliza maswali yaliyomfungulia njia ya kurudi nyuma. Mhukumu ndiye aliyekuwa anaitafuta shaka.

Yanayotokea pale nafasi ya mtetezi inapofutwa yalionekana Zanzibar. Baada ya Rais Abeid Amani Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972, kesi ya uhaini iliyoanza mwaka 1973 ilisikilizwa na Mahakama ya Wananchi, ambamo mawakili wa utetezi hawakuruhusiwa, na Mwanasheria Mkuu aliyeendesha mashtaka ndiye aliyetarajiwa pia kuwasemea washtakiwa. Baadhi yao walidai kwamba maungamo yao yalitolewa kwa mateso, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuwahoji waliowaungamisha.

Tanzania Bara nako, kwa miaka mingi sheria iliwazuia mawakili kuingia Mahakama ya Mwanzo, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na vijiji, na ambamo hakimu aliketi na wazee wa mahakama waliotoka katika jamii ileile iliyokwisha kunong'ona. Ni mwaka 2021 ndipo waliporuhusiwa, tena pale tu panapokuwa na hakimu mkazi. Ibara ya 13(6) ya Katiba inasema mshtakiwa asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike, lakini hakuna ibara inayoweza kuwaamuru majirani.

Ndiyo maana kumchagua wakili katika mji mdogo ni jambo la dhamira kabla ya kuwa la fedha. Wakili wa palepale anajua kwamba shahidi na mshtakiwa wamegombania mpaka wa shamba, jambo ambalo halimo ndani ya jalada. Wa kutoka mbali halijui, ila hana shemeji wa kumwogopa. Kwa shtaka zito huyu wa pili anafaa zaidi, mradi apate mtu wa kumweleza mji, na yule anayejinadi kwamba hakimu ni rafiki yake aepukwe, kwani anauza kisichokuwa chake. Atakayekubali ajue atafanywa ndugu wa mshtakiwa. Katika Injili ya Yohana, Yesu wa Galilaya aliposhutumiwa, Nikodemo aliuliza tu kama torati inamhukumu mtu kabla ya kumsikiliza, na jibu alilopata ni kuulizwa kama naye ametoka Galilaya.

Mwizi wa Madina alikimbilia Makka. Silaha zilirudishwa kwa Rifaa, naye akazitoa katika njia ya Mwenyezi Mungu.