Mtoto Mchanga na Maradhi ya Kifua

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Amma baad:

Ndugu yetu mmoja aliyehamia Kisii ametuletea suala zito. Alijaaliwa mtoto wa kiume, na siku ya akika nyumba ikajaa watu. Kila mmoja alimpakata mtoto na kumbusu, na baadhi yao walikuwa na mafua. Baada ya siku chache mtoto akashikwa na kikohozi, akawa ahema mbio na kulikataa ziwa. Jirani mmoja akasema ni malaria. Wa pili akaleta hirizi. Wa tatu akashauri akatwe kimio. Alipofikishwa hospitali ulikuwa ni usiku wa nne, na mtoto akafariki. Ndugu yetu auliza: lau angaliwazuia wageni, je, ungalikuwa ni upungufu wa kumtegemea Mungu? Na je, yeye ana dhambi?

Twamwambia kwanza: Mwenyezi Mungu akupe subira. Ajali ya mtoto iliandikwa, na mja hashikwi kwa jambo asilolijua. Twataraji mwanao awe akiba yako kesho Akhera. Lakini suala lako si lako peke yako, na sisi tuliolisikia hatuna tena udhuru wa kutojua.

Kisii na Nyamira ni nchi za milima, zenye baridi, mvua nyingi na watu wengi. Baridi ikizidi, watu hujifungia ndani pamoja na moshi wa jiko, na mtoto hulazwa karibu na moto. Malaria pia iko huko, kwa hivyo kila homa hudhaniwa kuwa ni hiyo. Damu na ipimwe. Lakini malaria ikipatikana haina maana kuwa kifua ni kizima.

Na katika maradhi ya kifua yajayo kwa majira, yanayowapata mno watoto wachanga ni yale yaletwayo na virusi viitwavyo RSV. Virusi hivi vilijulikana mwaka 1956. Kwa mtu mzima mwenye afya aghlabu huwa ni mafua tu, lakini kwa mtoto wa miezi michache huziba vijia vyembamba vya pumzi. Katika mwaka 2019 wataalamu walikadiria kuwa watoto kama 100,000 walio chini ya miaka mitano walikufa duniani kwa sababu yake, karibu nusu yao hawajatimiza miezi sita, na takriban wote katika nchi zisizo tajiri.

Wala sisi watu wa Pwani tusidhani kuwa joto letu ni ngao. Kilifi maradhi haya yamechunguzwa kwa miaka mingi, na huko aghlabu huanza mwisho wa mwaka yakaendelea hadi miezi ya mwanzo ya mwaka ufuatao. Uchunguzi uliofanywa katika nyumba za huko mwaka 2009 na 2010 ulionyesha kuwa mtoto mchanga mara nyingi huambukizwa na ndugu zake wakubwa, khasa wanaokwenda shule.

Sasa tutazame sharia yasemaje. Mtume (s.a.w.) amekataza mwenye ngamia wagonjwa asiwalete kwa wenye ngamia wazima, kama alivyopokea Abu Huraira. Ikiwa mnyama ahifadhiwa hivi, je, mwana wa Adamu? Na yeye mwenyewe alipopiga chafya alikuwa akiufunika uso wake kwa mkono au kwa nguo. Na Sayyidna Umar alipoambiwa kuwa tauni imeingia Sham, alirudi na watu wake, akabainisha kuwa yuakimbia kadari ya Mungu kuielekea kadari ya Mungu. Basi kumwambia mgeni mwenye mafua amwombee mtoto dua kutoka mlangoni si kuvunja udugu, wala si upungufu wa tawakkul. Ni kufuata Sunna.

Ama hirizi, Mtume ameikataza, na ubaya wake hapa ni mara mbili: huharibu itikadi, na humchelewesha mgonjwa kwa tabibu. Ama kimio, Ummu Qays alipomleta mwanawe ambaye koo lake alikuwa amelikandamiza kwa ugonjwa, Mtume alichukizwa na adhabu hiyo apewayo mtoto, akaelekeza dawa nyengine. Ikiwa kukandamiza kulikemewa, itakuwaje kukata kwa kijembe? Kidonda hicho huleta damu na uchafu katika koo, na pumzi haifunguki kwacho.

Basi tufanye haya. Mwenye mafua asimbusu mtoto, na amshikaye anawe mikono kwa sabuni. Tusimfukizie ubani wala udi ndani ya chumba kilichofungwa. Mama aendelee kunyonyesha. Mtoto na adungwe chanjo zake kwa wakati, ikiwamo ile ya kichomi iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011. Hiyo haizuii RSV, lakini huzuia maradhi mengine ya kifua. Chanjo ya RSV apewayo mama mjamzito ili mtoto azaliwe na kinga ilikubaliwa Marekani na Ulaya mwaka 2023, na Shirika la Afya Duniani limeiunga mkono. Akina mama na waulizie klinikini.

Na hizi ndizo dalili zisizongoja asubuhi: mtoto aliye chini ya miezi miwili kuhema mara 60 au zaidi kwa dakika, au aliye chini ya mwaka mara 50, kifua kubonyea ndani avutapo pumzi, kushindwa kunyonya, midomo kugeuka rangi. Apelekwe hospitali saa ile ile, kwani huko iko hewa ya oksijeni, ambayo nyumbani hatuna. Wala msinunue dawa za kuua bakteria dukani kwa kubahatisha, haziui virusi.

Mtoto ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Ewe Mola wetu, wahifadhi watoto wetu, waponye wagonjwa wetu, na uwape subira waliofiwa. Amin.