Rafiki wa Tamasha

Hivi, mtu uliyecheza naye muziki usiku kucha, kesho kutwa akapanda boti akaenda zake, ni rafiki yako au la? Washikaji wa Unguja wanalijua swali hili vizuri. Tangu Sauti za Busara ilipoanza 2004, Februari huwaleta vijana wa Ulaya na kwingineko, shanta mgongoni, wamekesha Ngome Kongwe miaka na miaka. Kwenye ZIFF, tamasha la filamu lililoanza 1998, wapo pia. Wengine hukaa miezi, wanapanga chumba, wanakunywa urojo Forodhani, kila mtu wanamwita "rafiki".

Wazee wetu huwacheka. Kwao urafiki hupimwa msibani: nani alibeba jeneza, nani alichota maji. Raha ya kulipia kiingilio haihesabiwi.

Mimi nabisha kidogo. Msibani twaenda pia kwa kuogopa kusemwa! Wa shanta hana wa kumsema. Akikaa nawe mpaka taa za jukwaa zizimwe, amekaa kwa kupenda tu.

Ila sijamaliza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hatuthubutu kumpa jembe, eti kwa kuwa ana dola. Tunamwachia alipe bili, kisha tunamteta kwa Kiswahili yeye yupo palepale anatabasamu. Hapo nani si rafiki wa nani? Haya, tumlaumu kwa kuondoka. Lakini nani kati yetu aliwahi kumwambia, "Kaka, bibi yetu kafariki, njoo utusaidie kufunga turubai"?