Nani Afaaye Kupendwa Katika Hadithi?

Katika nchi ya Walunda, ambamo Kisenge imo, kuna kisa ambacho wazee wamerithishana tangu zamani. Chifu Nkond alikuwa na wana wawili wa kiume, Cinguud na Ciniama, na binti mmoja, Ruwej. Wana wale walimvunjia baba yao heshima, hata wakampiga. Naye alipokaribia kufa hakuwaachia bangili ya enzi iitwayo lukano, bali alimpa binti yake. Baadaye akatokea mwindaji mgeni kutoka kwa Waluba, jina lake Cibinda Ilunga. Ruwej akampenda, akamfanya mumewe, kisha akamkabidhi lukano. Ndugu zake hawakukubali kutawaliwa na mgeni. Walikusanya watu wao, wakaondoka kwenda mbali, wakatafuta makao mengine.

Kisa hiki husimuliwa kwa njia nyingi, lakini katika zote limo swali lile lile. Je, mgeni aweza kupendwa? Na akipendwa, ana mahali pake katika hadithi ya wenyeji, au atabaki mpita njia? Swali hilo la kale linaulizwa upya siku hizi mahali ambapo wazee wa Musumba wasingalipadhania: katika michezo ya video.

1. Michezo yenyewe

Iko aina ya michezo hiyo ambamo mchezaji hapigani tu na adui. Huchukua nafsi ya shujaa katika nchi ya kubuni, yenye wachawi na majoka na mataifa ya watu wasiokuwako duniani. Huchagua mwenyewe kama shujaa wake atakuwa mwanamume au mwanamke, na wa taifa gani: binadamu wa kawaida, au mmoja wa watu wafupi wenye ndevu wakaao chini ya milima, au wa wale wenye masikio yaliyochongoka. Njiani shujaa hupata wenzi wa safari, ambao wana majina, makabila na siri zao. Akisema nao vema na kuwatendea mema, mmoja wao aweza kumpenda, na mapenzi yao huwa sehemu ya hadithi. Michezo mingine ya aina hiyo huchezwa hata katika simu ya mkononi, na betri ya simu hiyo huenda ina kobalti iliyotoka katika ardhi ya Kolwezi.

Ubishi ni huu: nani aruhusiwe kupendwa na nani? Maana mwenzi huyo wa safari hana moyo ila ule aliopewa na mtunzi. Mtunzi ndiye aandikaye kwamba huyu atawapenda wanaume tu, yule wanawake tu, na mwingine hatampenda mtu wa taifa fulani.

Katika mchezo uitwao Baldur's Gate II, uliotolewa mwaka 2000 na kampuni ya BioWare ya Kanada, shujaa mwanamume aliweza kupendwa na wanawake watatu: Aerie, Jaheira na Viconia. Shujaa mwanamke aliwekewa mtu mmoja tu, Anomen, asipompendeza, basi. Tena mapenzi hayo hayakuwa wazi kwa kila taifa la kubuni. Mwaka 2011 kampuni ile ile ilitoa Dragon Age II. Humo wenzi wanne, Anders, Fenris, Merrill na Isabela, waliandikwa ili waweze kumpenda shujaa, awe mwanamume au mwanamke. Mchezaji mmoja alilalamika hadharani kwamba wanaume wapendao wanawake, ambao kwa hesabu yake ndio wengi, wamepuuzwa. David Gaider, aliyeongoza uandishi wa hadithi hiyo, alimjibu kwamba mapenzi hayo hayakuandikwa kwa ajili ya kundi moja, bali kwa ajili ya wote wachezao. Na mwaka 2023 kampuni ya Larian ya mji wa Ghent, Ubelgiji, ilipotoa Baldur's Gate 3, wenzi wakuu wa safari waliwekwa wazi kwa shujaa wa jinsia yoyote na wa taifa lolote la kubuni.

Basi, yaonekana kama jambo limekwisha: zamani milango ilifungwa, sasa imefunguliwa. Lakini mwenye kufikiri ataona kwamba bado.

2. Kusahauliwa si sawa na kukataliwa

Yafaa kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kusahauliwa. Mtu afika mlangoni, akuta umefungwa, wala ndani hakuna ajuaye kwamba amekuja. Aliyejenga nyumba hakuwaza kamwe kwamba mtu wa namna hiyo angepita. Mfano wake umo katika mchezo wa mwaka 2014, Dragon Age: Inquisition. Askari Cullen aweza kumpenda shujaa mwanamke akiwa binadamu wa kawaida au wa taifa la masikio yaliyochongoka. Mwanamke wa watu wafupi, au wa wale warefu wenye pembe, hana nafasi kwake, wala hadithi haimpi sababu ya maana. Hakukataliwa na Cullen. Alirukwa na mtunzi.

La pili ni kukataliwa. Hapo mtu afika mlangoni, mwenye nyumba atoka, amtazama, amjua, kisha amwambia: la. Katika mchezo huo huo yumo Dorian, kijana wa ukoo mkubwa, ambaye huwapenda wanaume peke yao. Baba yake aliona aibu, akataka kuugeuza moyo wa mwanawe kwa uchawi wa damu. Dorian akakimbia nyumbani. Shujaa mwanamke akimpenda Dorian hatapata mapenzi anayoyataka, atapata urafiki. Lakini hawezi kusema kwamba amedharauliwa, kwa maana kukataa kwa Dorian ndiko kisa chake chote. Kama mtunzi angalimfanya ampende kila ajaye, angalikuwa amemtendea jambo lile lile ambalo baba yake alijaribu kumtendea.

Hapa ndipo penye kiini cha swali. Mlango uliofungwa kwa kusahau ni udhalimu, hata kama ni mdogo. Lakini nyumba iliyo wazi kwa kila mtu kwa sababu haina mwenyewe, nayo si ukarimu. Katika mchezo Skyrim wa mwaka 2011, shujaa huvaa mkufu maalumu, humfanyia mtu hisani fulani, na wengi walioandikwa kuwa tayari kuoa au kuolewa humkubali bila kuuliza jinsia wala taifa lake. Baada ya harusi mwenzi huyo humpikia chakula na kumpa fedha za duka siku kwa siku. Hakuna aliyeachwa nje. Lakini mchezaji aweza kukaa naye muda mrefu bila kujua anapenda nini au anaogopa nini. Huyo ni mpishi na sanduku la fedha. Mke au mume ni mtu.

Kwa hiyo mtunzi mwema ana wajibu wa namna mbili. Kwanza, awakumbuke wote watakaopita, hata kila mmoja akute angalau mwenzi mmoja aliyeandikwa kwa bidii, wala asiachiwe makombo. Pili, kila mwenzi awe na moyo wake, na kama atasema la, neno hilo liwe lake mwenyewe. Wenzi wanaompenda shujaa wa kila namna wanaweza kutimiza wajibu huo wa pili, ikiwa bado wana mambo wanayoyachukia, ahadi wanazozishika, na uwezo wa kuondoka wakitendewa vibaya.

3. Jambo hili katika maisha

Mtu wa Lualaba hana haja ya kwenda nchi za kubuni ili kuelewa maneno haya. Kisenge ilikua kwa manganizi, ambayo gari moshi liliichukua kupitia Dilolo mpaka bandari ya Lobito, hadi vita vya Angola vilipoifunga njia ile mwaka 1975. Katika miji ya namna hiyo, ya migodi na ya reli, Walunda, Wachokwe, Waluena na Waluba walipata kuishi mlango kwa mlango. Kijana alimwona binti wa jirani, na wazee wa pande mbili wakaanza kuulizana.

Maswali mengine ya wazee yalikuwa ya haki. Wachokwe huhesabu ukoo kwa upande wa mama, Waluba wa Kasai kwa upande wa baba. Basi, mtoto atakuwa wa nani, na nani atamlea akipatwa na msiba? Mzazi aulizaye hivyo anamtazama mchumba usoni na kumpa nafasi ya kujibu. Lakini mzazi asemaye tu, “Hao si watu wetu,” hajamkataa mtu, maana hajamwona. Amefunga mlango kabla hajabishiwa hodi.

Na mlango wa namna hiyo haukomi kwenye habari ya posa. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa wingi kutoka Likasi na Kolwezi. Nyumba ambamo baba alikuwa wa upande huu na mama wa upande ule zikaulizwa ni za nani. Watoto waliozaliwa hapo, wasiojua nchi nyingine, waliambiwa warudi kwao. Watu huanza kwa kusimulia hadithi ambamo jirani hana mahali, na mwisho wake jirani hukosa mahali hata katika mtaa aliozaliwa.

4. Hoja za wapingao

Pengine mtu atasema: “Huo ni mchezo tu, mwenye akili hahesabu mapenzi ya picha.” Huyo na akumbuke hadithi za jioni. Mtoto aliyesikia miaka kumi kwamba mtu wa kabila lake ndiye mwizi au mjinga katika kila ngano, wala si bwana harusi kamwe, amefundishwa jambo, ingawa hakuna aliyekusudia kumfundisha. Mchezo wa video hufundisha zaidi, maana humtia mchezaji mwenyewe ndani ya hadithi, ndipo humwambia kwamba hakuna wa kumpenda.

Mwingine atasema: “Michezo hii huonyesha mapenzi ya watu wa jinsia moja, nayo mafundisho ya Kanisa hayakubali kuyaita ndoa, na Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 40, yataja ndoa na mtu wa jinsia nyingine.” Ndivyo ilivyo, na mzazi ana haki ya kuongea na mwanawe juu ya mambo anayoyaona. Lakini swali la ndoa ipi ni halali ni moja, na swali la nani ahesabiwe mtu ni jingine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, ambayo haikubali matendo hayo, yaagiza vilevile kwamba watu hao wapokewe kwa heshima, huruma na upole, wala wasibaguliwe pasipo haki. Asiyekubali kisa cha Dorian na atazame walau kosa la baba yake: alitaka kumwokoa mwanawe kwa kumnyang'anya nafsi. Sheria ya Kanisa yenyewe, katika kanoni 1057, yasema kwamba ukubali wa wahusika ndio ufanyao ndoa, na hakuna mamlaka ya kibinadamu iwezayo kuutoa kwa niaba yao. Asili ya neno hilo ni kwamba moyo haulazimishwi.

Wa tatu atasema: “Asiyeridhika na hadithi za wengine na atunge zake.” Neno hili lina ukweli nusu, na wako walioutenda. Mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa mchezo uitwao Aurion: Legacy of the Kori-Odan. Shujaa wake, Enzo, husafiri na mkewe Erine, baada ya kupinduliwa na shemeji yake siku ile ile ya harusi na kutawazwa. Humo mchezaji hachagui wa kumpenda, lakini Erine anasafiri na kushauri kama mtu kamili. Kazi hiyo ni njema. Hata hivyo, kuwa na nyumba yako hakumpi jirani ruhusa ya kukufungia yake.

5. Mwisho wa mambo

Kisa cha Ruwej kina mwisho ambao wengi huusahau. Husemwa kwamba miongoni mwa wale walioondoka kwa hasira, wasitake kutawaliwa na mgeni, walikuwamo mababu wa Wachokwe. Na ni nani aliyechongwa kwa ustadi mkubwa katika sanamu za kale za Wachokwe, akiwa na silaha na fimbo yake, kichwani amevikwa kilemba cha ukuu? Ni Cibinda Ilunga, mwindaji yule yule. Watoto wa waliomkataa walimchonga kwa mikono yao wenyewe wakamfanya shujaa wao.

Walichelewa, na kuchelewa huko kuligharimu utengano wa ndugu. Mwenye kutunga hadithi leo, katika kitabu au katika mchezo, na mzazi apokeaye posa barazani, wana nafasi ya kutochelewa: kumtazama usoni yule afikaye, kusikia jina lake, ndipo kusema ndiyo au la.

Mambo ya kufikiri

Kijana aliyekataliwa na aliyesahauliwa, ni yupi mwenye uchungu zaidi, na kwa nini?

Katika ngano zisimuliwazo nyumbani, ni nani ambaye hapewi kamwe nafasi ya kupendwa?

Mzazi akiwa na sababu ya kukataa posa, atajuaje kwamba sababu hiyo yamhusu mchumba mwenyewe, wala si kabila lake tu?